Kinanda kilichobaki nyuma: jinsi programu za kompyuta zinavyorudisha sauti za miaka ya 1980

Mtu anayekimbia vita hubeba watoto, nyaraka na chakula cha njiani. Kinanda cha kilo 14 hukiacha. Hata hivyo, sauti za baadhi ya vinanda vya kidijitali zilikuwa hesabu tangu mwanzo, na hesabu husafiri bila mzigo. Makala haya yanaeleza jinsi programu zinazoiga vinanda hivyo zinavyofanya kazi, zinahitaji vifaa gani, na kwa nini baadhi ya sauti zitapotea zisipookolewa mapema.

Kwaya bila kinanda chake

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamo katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Yalianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yanahesabiwa miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Wakazi wake, zaidi ya 150,000, wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Walio wengi ni Wakongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha ambazo watu wa mataifa hayo huzitumia kuelewana sokoni, kisimani na kanisani. Zimo pia familia za Waswahili wa ughaibuni, huko Marekani, Canada na Australia, zilizopitia hapo kabla ya kupata makao mapya.

Palipo na Wakongo na Warundi pana kwaya, na kwaya nyingi za siku hizi huimba zikifuatwa na kinanda cha umeme. Mtu aliyekuwa mpiga kinanda Uvira, Bukavu au Bujumbura hufika ukimbizini akiwa na vidole vyake na kumbukumbu ya sauti alizozizoea. Chombo chenyewe kimebaki nyuma, au kimeuzwa njiani, au kimeungua pamoja na nyumba. Chukulia, kwa mfano, mpiga kinanda mmoja wa namna hiyo anayeishi sasa katika eneo la Base Camp, Nakivale. Anacho kipakatalishi kilichotumika, paneli ya sola juu ya paa, na nauli ya kwenda Mbarara mara moja kwa mwezi. Je, anaweza kuipata tena sauti ya kinanda alichokiacha? Jibu linategemea kinanda hicho kilikuwa cha aina gani, na kiliitengeneza sauti yake kwa njia ipi.

Sauti iliyotokana na mtikisiko

Kinanda cha kidijitali kilichovuma kuliko vyote katika miaka ya 1980 ni Yamaha DX7, kilichoanza kuuzwa mwaka 1983 kwa bei ya karibu dola 2,000 za Kimarekani. Inakadiriwa kuwa vinanda zaidi ya 200,000 vya aina hiyo viliuzwa duniani. Wengi waliokulia miongo ile wanaijua sauti yake hata kama hawakuwahi kuliona jina lake: piano laini ya umeme yenye mlio wa kengele kwa mbali, iliyojaa katika nyimbo za mapenzi na za injili za wakati huo.

Msingi wa sauti hiyo uligunduliwa mwaka 1967 na John Chowning, mtunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Alikuwa akifanya majaribio ya mtikisiko wa sauti, ule ambao mwimbaji huutia mwishoni mwa neno refu. Sauti ikitikisika mara sita kwa sekunde, sikio husikia mtikisiko. Chowning aliongeza kasi hiyo hadi mara mia kwa sekunde na zaidi. Hapo sikio halikusikia tena mtikisiko wowote. Lilisikia sauti mpya, yenye rangi nyingine kabisa.

Sababu yake inaweza kuelezwa kwa tarakimu chache. Tuseme kuna wimbi moja sahili linalotetema mara 400 kwa sekunde, na wimbi la pili linalolitikisa la kwanza mara 100 kwa sekunde. Matokeo yake ni kundi la sauti: 300 na 500, 200 na 600, na kuendelea pande zote mbili. Uwiano wa mawimbi hayo mawili ukiwa wa namba kamili, sikio hupokea mlio tulivu kama wa zumari au piano. Uwiano ukiwa wa namba zisizolingana, kama 1 kwa 1.4, hutokea mlio wa kengele. Hivyo, kwa mawimbi mawili tu, mtu aliweza kutengeneza sauti ambazo kwa njia za zamani zingehitaji makumi ya mawimbi.

Stanford iliipa kampuni ya Yamaha ya Japani leseni ya ugunduzi huo katika miaka ya 1970. DX7 iliyotokana nao ilikuwa na mawimbi sita kwa kila sauti, yanayoitwa opereta, na mipango 32 inayoamua opereta ipi imtikise nani. Iliweza kupiga sauti 16 kwa pamoja. Ukizidisha 16 kwa 6 unapata opereta 96, na kila moja ilipigiwa hesabu upya zaidi ya mara 49,000 kwa sekunde. Jumla yake ni hesabu zipatazo milioni 4.7 za opereta kila sekunde. Kwa mwaka 1983 hiyo ilikuwa kazi ya chipu maalumu. Simu ya kawaida ya leo inaimudu.

Kurekodi na kuiga ni mambo mawili

Kuna njia mbili za kuirudisha sauti ya kinanda ambacho hakipo.

Ya kwanza ni kurekodi. Mtu hupiga kila ufunguo wa kinanda halisi, hurekodi mlio wake, kisha hupanga rekodi hizo ndani ya programu. Njia hii ni rahisi, na mara nyingi hutosha. Kasoro yake ni kwamba rekodi haibadiliki. Katika DX7, ufunguo ukigongwa kwa nguvu mlio hung’aa, na ukiguswa polepole mlio hufifia na kuwa wa duara, kwa sababu nguvu ya kidole hubadilisha kiasi cha mtikisiko katika hesabu. Rekodi chache haziwezi kufuata mabadiliko hayo yote.

Njia ya pili ni kuiga. Hapa programu haihifadhi mlio wowote. Hurudia hesabu zile zile ambazo chipu ya kinanda ilizipiga, na mlio huzaliwa upya kila ufunguo unapoguswa. Anayerekodi ni kama mtu aliyeweka sahani ya chakula kwenye jokofu. Anayeiga anajua mapishi.

Programu huria ya Dexed ni mfano ulio wazi. Ilitengenezwa na Pascal Gauthier, hupatikana bure, na hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Moyo wake wa hesabu haukuanzia kwenye kompyuta za studio. Ulitoka katika mradi ulioandikwa na Raph Levien, wakati huo akiwa Google, kwa ajili ya simu za Android. Tangu mwanzo, basi, hesabu hizo zilipangwa ziweze kubebwa na kifaa kidogo.

Kuiga vizuri kunadai pia kuziiga kasoro. Chipu za DX7 hazikuwa na usahihi mkubwa. Ili kupunguza gharama, ziliepuka kuzidisha namba: zilitumia jedwali la logi, zikajumlisha, kisha zikageuza jibu. Namba zilizokatwa njiani ziliacha mchakato mwembamba nyuma ya mlio, na mchakato huo ni sehemu ya sura ya sauti inayokumbukwa. Kwa hiyo Dexed humpa mtumiaji hiari ya kuchagua hesabu safi za kisasa au hesabu zenye ukali wa chipu ya zamani. Mwaka 2021 mhandisi Ken Shirriff aliifungua chipu ya DX7, akaipiga picha kwa hadubini na kueleza mzunguko wake hatua kwa hatua, hata waigaji wakapata ramani ya kuhakiki kazi yao.

Vinanda vingine vya enzi hiyo vina habari tofauti. Roland D-50 ya mwaka 1987 na Korg M1 ya mwaka 1988 vilichanganya hesabu na vipande vya sauti zilizorekodiwa kiwandani na kuhifadhiwa ndani ya chipu. Kuviiga kunahitaji vipande hivyo vyenyewe, navyo ni mali ya kampuni. Korg na Roland zenyewe huuza matoleo ya programu ya vinanda hivyo. Vilevile, kibodi nyingi zinazoonekana makanisani leo, zile zenye midundo iliyopangwa tayari, ni za kizazi cha baadaye na hutegemea zaidi sauti zilizorekodiwa. Anayetafuta sauti ya kibodi ya namna hiyo atasaidiwa zaidi na makusanyo ya sampuli za sauti kuliko na programu ya kuiga DX7.

Kidole na sikio: tatizo la kuchelewa

Mpiga kinanda akigusa ufunguo hutaka kusikia mlio papo hapo. Kompyuta hutengeneza sauti kwa mafungu. Huandaa fungu moja la namba, hulituma kwenye spika, kisha huandaa jingine. Fungu likiwa kubwa, mlio huchelewa. Likiwa dogo mno, kompyuta dhaifu hushindwa kulijaza kwa wakati, na sauti hukatikakatika.

Kipimo kimoja husaidia kuelewa. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde. Kuchelewa kwa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, jambo ambalo wanamuziki wengi hulivumilia. Kuchelewa kwa milisekunde 100 ni kama spika iwe upande wa pili wa shamba, mita 34 mbali. Hapo mpigaji hawezi kwenda sawa na waimbaji. Fungu la namba 256, katika mfumo wa namba 48,000 kwa sekunde, huchukua milisekunde tano na kidogo tu. Kipakatalishi cha zamani kilichopangwa vizuri hukifikia kiwango hicho. Simu nyingi za bei nafuu zina nguvu ya kutosha ya kukokotoa, ila njia zao za sauti huchelewa. Kwa sababu hiyo simu inafaa zaidi kwa kujifunzia na kutungia nyimbo, na kompyuta kwa ibada na jukwaa.

Vifaa vinavyohitajika Nakivale

Mpiga kinanda wa mfano wetu anahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni kompyuta, hata iliyotumika, mradi iwe nzima. Cha pili ni kibodi yenye tundu la MIDI au la USB. MIDI ni lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki iliyoanza kutumika mwaka 1983, na bado inaeleweka. Husafirisha amri tu, kwamba ufunguo fulani umeguswa kwa nguvu kiasi fulani, na programu ndiyo inayotoa mlio. Kwa hiyo hata kibodi ambayo spika zake zimekufa, au ambayo sauti zake hazipendezi, inafaa kuwa mikono ya programu mradi funguo zake na tundu lake ni zima. Cha tatu ni programu yenyewe.

Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, ndiyo soko kubwa lililo karibu na Nakivale. Ni mji wa chuo kikuu pia: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, hufundisha masomo ya kompyuta. Programu kama Dexed ikishapakuliwa mara moja mahali penye intaneti nzuri, inaweza kubebwa kwenye flashi hadi kwenye makazi na kuwekwa katika kompyuta nyingi. Haihitaji intaneti ili ifanye kazi, wala haidai malipo ya mwezi.

Umeme ni swali jingine, kwani nyumba nyingi za makazi hutegemea paneli ndogo za sola. Kwa hali hiyo kuna mradi huria uitwao MiniDexed, unaotumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kubwa kidogo kuliko kadi ya benki. Inatumia wati chache tu, na bado huweza kufanya kazi ya DX7 nane kwa wakati mmoja. Kikwazo chake ni kwamba lazima mtu ajue kuiunganisha na kuipanga, tena vifaa vyake huagizwa kutoka mbali.

Kipi ni halali na kipi si halali

Hataza ya Stanford juu ya njia ya Chowning iliisha muda wake katikati ya miaka ya 1990. Tangu hapo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika programu inayotumia hesabu hizo bila kuomba ruhusa, na ndiyo maana programu za bure zipo. Jina Yamaha na alama za kampuni zinabaki mali yake.

Hali hubadilika kwa aina nyingine ya uigaji, ambamo programu huiga chipu ya kompyuta iliyomo ndani ya kinanda kisha huiendesha programu ya ndani ya kiwanda kama ilivyokuwa. Wahandisi wamefanikiwa kuziiga kwa namna hiyo chipu za Motorola 56300 zilizotumiwa katika kinanda cha Access Virus. Matokeo yake hukaribia sana chombo halisi, lakini programu ile ya ndani ina hakimiliki. Mwigaji anaweza kugawa kazi yake mwenyewe bure. Hana haki ya kugawa programu ya kiwanda. Mafaili ya namna hiyo yanayopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi yanaweza kumwingiza mpokeaji katika kosa bila yeye kujua. Pale ambapo programu huria inatosha, ndiyo njia salama.

Sauti ambazo bado zinaweza kuokolewa

Katika DX7, sauti 32 zilizomo ndani yake huhifadhiwa na betri ndogo ya lithiamu iliyochomelewa kwenye bodi. Betri hizo ziliwekwa kiwandani katika miaka ya 1980. Nyingi zimedumu kuliko ilivyotarajiwa, lakini hakuna inayodumu milele. Siku betri inapokufa, kinanda kikizimwa kumbukumbu yake hufutika. Sauti za kiwandani si hasara, kwa kuwa nakala zake zimesambaa kote. Hasara ni sauti ambayo mpiga kinanda fulani aliibuni mwenyewe: alikaa usiku akipunguza opereta hii na kuongeza ile, mpaka akapata mlio uliokaribia likembe ya kwao au kengele ya parokia yao. Sauti hiyo ipo katika chombo kimoja tu duniani.

Kuiokoa hakuhitaji fundi mkubwa. Popote kinanda kama hicho kilipo, iwe katika stoo ya kanisa Bujumbura, katika nyumba ya ndugu Bukavu au kwa mtu Mbarara, mwenye kompyuta na kebo ya MIDI anaweza kukiamuru kitume sauti zake zote 32 kwa mkupuo. Faili linalotokana lina baiti 4,104. Muziki wa ubora wa sidii hutumia baiti 176,400 kwa sekunde moja; yaani sauti zote 32 zinachukua nafasi ndogo kuliko sehemu ya arobaini ya sekunde moja ya wimbo. Faili hilo hutumwa kwa simu kama ujumbe mdogo, na likifunguliwa katika Dexed upande wa pili, sauti zote 32 hutokea zikiwa na majina yale yale ya herufi kumi ambayo mwenyewe aliyaandika.

Kazi hiyo ifanyike kabla betri haijabadilishwa, kwa sababu kuing’oa betri hufuta kumbukumbu. Kosa hilo hutokea kwa nia njema: kinanda hupelekwa kwa fundi, fundi huweka betri mpya, na sauti za miaka mingi hutoweka ndani ya dakika moja. Anayepeleka kinanda kutengenezwa aulize kwanza kama nakala imechukuliwa.

Kinachobaki kwa mpigaji

Programu haiwezi kurudisha kila kitu. Uzito wa funguo zilizozoeleka hautakuwa ule ule, na spika ndogo haitajaza ukumbi kama ile ya zamani. Anayepokea faili la sauti hapokei ufundi wa kulitumia, na vijana waliozaliwa Nakivale watahitaji wazee wao wawaonyeshe wapi mkono wa kushoto unangoja na wapi unaingia.

Mpiga kinanda wa mfano wetu, hata hivyo, hahitaji kurudi Uvira ili apate jibu. Ndugu aliyebaki huko, ikiwa kinanda bado kipo na betri bado ina uhai, anaweza kumtumia baiti 4,104. Kama kinanda kimekwisha kuangamia, hesabu zake bado zipo bure, na kwa subira anaweza kuijenga tena sauti ile, opereta moja baada ya nyingine, kwa kufuata kumbukumbu ya sikio lake.